Begi la mkononi lipimwe mlangoni mwa uwanja wa ndege, si getini

Ndugu Mhariri,

Anayefika uwanja wa ndege wa Entebbe saa za safari za Ghuba hawezi kukosa kuliona jambo hili: sanduku limefunguliwa sakafuni mbele ya kaunta, nguo zimemwagika, mwenye safari amevaa majaketi mawili katika joto la ziwani, na ndugu aliyemsindikiza anapigiwa simu huko nje aje apokee viatu na kopo la siagi ya karanga virudi nyumbani. Mhudumu anasema kilo 7. Abiria anasema safari iliyopita alipita na kumi. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na ndiyo maana ugomvi hauishi.

Sisi tunaoandika barua hii kazi yetu ni kukata tiketi. Hatukatai kwamba kampuni ya ndege ina haki ya kuweka kipimo chake. Tunachokataa ni abiria kukijua kipimo hicho pale ambapo hana tena la kufanya ila kulipa au kutupa.

Hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima. IATA, chama cha kampuni za ndege, hutaja sentimita 56 kwa 45 kwa 25 kama mwongozo tu, magurudumu, mshikio na mifuko ya pembeni vyote vikihesabiwa. Mwaka 2015 chama hichohicho kilileta pendekezo la kipimo kidogo zaidi, 55 kwa 35 kwa 20, ili begi la kila abiria lipate mahali pa kukaa. Watu walipiga kelele, hasa Marekani, na pendekezo likawekwa kando upesi. Kwa hiyo kila kampuni ina lake. Katika daraja la kawaida Qatar Airways inataka 50 kwa 37 kwa 25 na kilo 7. Turkish Airlines ni 55 kwa 40 kwa 23 na kilo 8. KLM ni 55 kwa 35 kwa 25 na kilo 12, lakini hizo 12 ni pamoja na mkoba mdogo wa pili. Emirates ni kilo 7. Namba hizi hubadilishwa, hivyo msomaji azihakiki kwenye tovuti ya kampuni wiki ya safari, asitegemee zile alizopewa na shemeji aliyesafiri mwaka juzi.

Sasa chukua sanduku la 55 kwa 35 kwa 23 lenye kilo 8. Kwa Turkish linapita, kwa KLM linapita, kwa Qatar linakataliwa kwa sentimita 5 za urefu na kilo moja. Sanduku ni lilelile na abiria ni yuleyule. Hata tiketi moja inaweza kuwa na kampuni mbili ndani yake: namba ya safari ni ya huyu, ndege yenyewe ni ya yule. Begi la mkononi kwa kawaida hufuata kanuni za mwenye ndege unayoipanda, si za aliyeuza tiketi. Kwenye karatasi ya safari kuna mstari mdogo unaotaja ndege inaendeshwa na nani, na ndio mstari ambao watu hawausomi. Ukiwa na safari ya ndege mbili au tatu, funga mzigo kwa kipimo kidogo kuliko vyote.

Tatizo jingine linauzwa soko la Owino, hapa Kampala. Muuzaji wa masanduku anakuambia hili ni la inchi 20, linaingia ndani ya ndege bila shida. Inchi 20 ni sentimita 51 kasoro kidogo, lakini mara nyingi huo ni urefu wa mwili wa sanduku peke yake. Ongeza magurudumu na mshikio uliolala, sentimita 4 au 5, umeshafika 55 au 56. Lile la inchi 22 mwili wake tu ni sentimita 56, na likisimama kwa magurudumu linakaribia 60, ambazo haziingii kwenye kipimo hata kimoja kati ya tulivyovitaja. Ukienda kununua, beba utepe wa fundi cherehani. Simamisha sanduku sakafuni likiegemea ukuta, weka kitabu bapa juu yake kikiwa kimegusa ukuta, kisha pima kutoka sakafuni hadi chini ya kitabu. Unene upime nyumbani baada ya kupakia, kwa sababu mfuko wa mbele ukijazwa chaja na makaratasi huvimba sentimita 3 au zaidi, na mfuko huo ndio unaokwama kwenye kile kisanduku cha chuma cha kupimia mabegi pale getini, mlango wa kupandia ndege. Begi la kitambaa hukubali kubonyezwa kidogo. La plastiki ngumu halibonyei: likizidi sentimita moja limezidi, na ukilisukuma kwa goti unampa mhudumu sababu ya kukataa.

Uzito nao una hila yake. Sanduku gumu la magurudumu manne, likiwa tupu, huwa na kilo 2.5 hadi 3.5. Tuseme 3. Ukipewa kilo 7, zimebaki 4. Laptopu na chaja yake ni kama kilo 2. Zimebaki 2, yaani viatu, suruali ya jinzi na taulo, basi. Anayebeba begi la mgongoni la kitambaa lisilofika kilo moja amejiongezea kilo mbili nzima bila kulipa hata shilingi. Kwa kilo 7 sanduku la magurudumu ni anasa, na tunawaambia wateja hivyo hata kama sanduku jipya limeshanunuliwa na lina rangi nzuri.

Kupima nyumbani hakuhitaji mashine kubwa. Mwenye mizani ya kupimia uzito wa mwili apande peke yake, kisha apande amebeba begi, atoe cha kwanza kwenye cha pili. Mizani ndogo ya kuning'iniza ni bora zaidi, ila nyingi zinazouzwa barabarani hudanganya. Ijaribu kwa kijerikeni cha lita 5 kilichojaa maji: inapaswa kusoma kilo 5 na gramu chache za plastiki. Ikisoma 4.6, jua kwamba begi lako la "kilo 7" litakuwa karibu 7.6 kaunta. Jiachie nusu kilo ya akiba.

Na mizani ya kaunta je? Sheria zetu za mizani na vipimo zinataka mizani inayotumika kutoza watu pesa ihakikiwe na UNBS, shirika la viwango la Uganda, na stika ya uhakiki ndiyo tunayoitafuta hata kwa muuza nyama. Abiria anayetozwa kwa kilo ana haki ya kuiangalia stika hiyo na kuomba begi lipimwe tena kaunta ya jirani. Kabla ya kuweka begi, tazama kama kioo kinasoma sifuri. Mara nyingine tofauti inaletwa na mkanda wa begi uliogusa ukingo, au begi la abiria mwingine linaloegemea lako. Hakuna haja ya sauti ya juu. "Dada, tunaweza kulipima pale pia?" inatosha.

Watu wanauliza kwa nini mhudumu wa kaunta alinyamaza, kisha wa getini akawa mkali. Sababu ni makabati ya juu ya viti. Ndege ya viti 180, hasa zenye makabati ya mtindo wa zamani, haibebi masanduku 180 ya magurudumu. Wa kaunta hajui wangapi watakuja na nini. Wa getini anaona foleni nzima kwa macho yake, na ndege ikichelewa kwa sababu watu wanahangaika na makabati, anayeulizwa ni yeye. Kwenye ndege za pangaboi kama ATR na Q400 zinazoruka safari fupi za ukanda huu, makabati ni madogo kiasi kwamba hata sanduku lililo ndani ya kipimo mara nyingi huchukuliwa mlangoni mwa ndege na kuwekwa chini, kwenye sehemu ya mizigo. Ndege ndogo za Caravan zinazowapeleka watu Kidepo, Kihihi au Kasese ni habari nyingine kabisa: huko kawaida ni kilo 15 kwa jumla, la mkononi likiwamo, tena begi laini, kwa kuwa kila kilo inaingia kwenye hesabu ya rubani na sanduku gumu halikunjiki kwenye nafasi ya mizigo. Mgeni anayetoka Ulaya na kilo 23 akitegemea kuunganisha moja kwa moja hadi mbugani huishia kuacha mzigo Entebbe. Wenye kampuni za utalii wanalijua hili, lakini wengine huliandika kwa herufi za mchwa.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo tunaona halisemwi vya kutosha: begi la mkononi linapochukuliwa getini na kupelekwa chini. Hapo abiria ana dakika mbili, na anazitumia kugombana badala ya kutoa vitu. Cha kwanza kutoka ni pawabanki na betri zote za akiba. Haziruhusiwi kabisa kwenda sehemu ya mizigo, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto kule chini hakuna mtu wa kuuona mapema. Ndani ya ndege, ukomo wa kawaida ni saa-wati (Wh) 100. Kati ya 100 na 160 lazima kampuni ikubali kwanza, na zaidi ya 160 hazipandi. Kama pawabanki imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 inatoa 74, haina tatizo. Ya 30,000 inatoa 111, hiyo inaombewa ruhusa. Isiyo na maandishi, au yenye maandishi yaliyofutika, inaweza kuchukuliwa na wakaguzi, na hakuna wa kumlaumu. Baada ya ndege ya Air Busan kuteketea Gimhae, Korea Kusini, Januari 28, 2025, moto ukiwa umeanzia kwenye kabati la juu na pawabanki ikashukiwa, kampuni kadhaa zimekaza zaidi. Tangu Oktoba 2025 Emirates inaruhusu moja tu kwa abiria, isitumike angani, na isiwekwe kabatini bali chini ya kiti au mfukoni mwa kiti.

Baada ya betri, toa dawa, pasipoti, pesa, laptopu, vyeti na mkataba wa kazi. Njia rahisi ni kuviweka vyote tangu nyumbani ndani ya kimfuko kimoja cha kitambaa, juu kabisa ya begi, ili begi likichukuliwa unachomoa kimfuko na kuondoka. Kisha uliza swali moja: nitalipokea wapi, mlangoni mwa ndege au mwisho wa safari? Lebo za aina hizo mbili hufanana kwa mbali. Anayebadilisha ndege Addis Ababa au Doha akidhani begi litamngoja mlangoni, kumbe limeandikiwa Beirut, atasimama pale hadi geti la pili lifungwe. Soma herufi tatu za kiwanja zilizoko kwenye lebo.

Kipande cha lebo unachopewa usikitupe. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Uganda ni mwanachama wake, begi ulilobaki nalo mkononi likiharibika kampuni inawajibika tu ikiwa kosa ni lake au la watumishi wake. Likishachukuliwa na kuwekewa lebo linakuwa mzigo uliokabidhiwa, na wajibu wa kampuni unakuwa mkubwa zaidi, hata kama kosa lake halionekani. Ukomo wa fidia kwa abiria, tangu Desemba 28, 2024, ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), yaani zaidi kidogo ya dola 2,000. Huo ni ukomo, haumaanishi kila mtu atalipwa hivyo. Utaulizwa thamani ya vilivyokuwamo. Malalamiko lazima yawe kwa maandishi: siku 7 tangu kulipokea kama limeharibika, siku 21 tangu kukabidhiwa kama lilichelewa. Kumlalamikia mhudumu kwa mdomo na kupiga ngumi kaunta hakuhesabiki.

Kuna pia mkanganyiko wa vyakula, na hapa kampuni za ndege hulaumiwa bure. Mtu wa ukaguzi wa usalama na mtu wa kampuni ya ndege ni watu wawili tofauti. Siagi ya karanga, asali na samli zinahesabiwa kama vimiminika, kwa hiyo kopo linalozidi mililita 100 linazuiwa kwenye ukaguzi hata kama begi zima lina kilo 3. Na ni ukubwa wa kopo unaohesabiwa, si kilichobaki ndani: kopo la nusu lita lenye vijiko viwili vya asali halipiti. Viweke kwenye mzigo wa chini, kifuniko kimezungushiwa utepe wa gundi, ndani ya kaveera (mifuko ya plastiki) mbili. Malewa makavu (machipukizi ya mianzi), karanga za kukaanga na unga havina tatizo hilo, ila kilo ni kilo, na nchi unayokwenda ina sheria zake za chakula. Nsenene zilizokaangwa, wale panzi wa kuliwa, nazo zinapanda. Nchi nzima iliona ile video ya Novemba 2021, abiria akiziuza ndani ya ndege ya Entebbe kwenda Dubai. Hatushauri biashara hiyo, lakini begi lake inaonekana lilikuwa ndani ya kipimo.

Tuje kwenye pesa. Mzigo wa ziada ukilipiwa mtandaoni mapema kwa kawaida ni nafuu kuliko kaunta, na kaunta ni nafuu kuliko getini. Angalia pia tiketi yako inahesabu kwa kilo au kwa vipande. Inayohesabu vipande, tuseme viwili vya kilo 23, haikuruhusu kuweka 30 kwenye kimoja na 16 kwenye kingine ingawa jumla ni ileile. Cha 30 kitatozwa kwa uzito. Lakini ikiwa umebeba kipande kimoja tu cha kilo 20, bado una nafasi ya kipande cha pili bure. Tunashangaa ni wangapi wanalipia begi la mkononi lililozidi huku haki yao ya mzigo wa chini haijatumika hata nusu. Kabla ya kutoa pesa, uliza: je, naweza kulikabidhi liende chini ndani ya haki yangu? Kaunta jibu mara nyingi ni ndiyo. Getini mara nyingi mfumo wa vipande umeshafungwa.

Malipo yoyote ya mzigo yana hati yake, EMD, yenye namba ya tarakimu 13 kama ya tiketi, na tarakimu 3 za mwanzo ni za kampuni yenyewe. Pesa iliyolipwa bila hati hiyo au risiti rasmi ya kampuni ina mwenyewe mwingine. Usitume kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata akiwa amevaa kitambulisho shingoni.

Wengine husema abiria wa Uganda ndiye anayenyanyaswa. Ulaya hawajalala usingizi mzuri zaidi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2014, katika kesi iliyohusu Vueling, kampuni ya ndege ya Hispania, kwamba begi la mkononi ni sehemu ya lazima ya safari na halipaswi kutozwa nyongeza, mradi liwe na uzito na ukubwa wa kiasi na litimize masharti ya usalama. Hilo neno "kiasi" likaachwa wazi, na wafanyabiashara wakaingia hapo. Novemba 2024 Hispania ilizitoza kampuni tano za bei nafuu faini ya jumla ya yuro milioni 179, Ryanair peke yake ikibeba karibu 108, kwa mambo yakiwamo kutoza mabegi ya mkononi. Mwaka uliofuata Ryanair ikapandisha bonasi ya wafanyakazi wake kutoka yuro 1.50 hadi 2.50 kwa kila begi lililozidi wanalolikamata. Anayetoka Entebbe na kilo 12 za KLM kisha akaunganisha kwa tiketi nyingine ya bei nafuu kutoka mji wa Ulaya anaingia kwenye mdomo huo bila kujua, kwa sababu tiketi ya chini kabisa ya kampuni kama Ryanair inabeba kimkoba cha kuingia chini ya kiti tu, 40 kwa 30 kwa 20. Mfumo wa bonasi usije ukaingia Entebbe kwa mlango wowote. Mpimaji anayelipwa kwa kila anayemkamata hana tofauti na mwenye kijiwe cha kamari.

Tunayoomba si makubwa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, iweke mizani na kisanduku cha kipimo mahali abiria hajafika kaunta, bure, vya kujipimia mwenyewe, ili kitu kinachozidi kimrudie ndugu aliyeko nje badala ya kubaki kwenye pipa. Kampuni za ndege ziandike sentimita na kilo kwenye tiketi yenyewe, si kiungo cha kwenda kusoma kwingine. Begi lililo ndani ya kipimo likipelekwa chini kwa sababu tu makabati yamejaa, lisitozwe chochote. Na sisi mawakala tusijifiche nyuma ya kaunta ya mtu mwingine: vijana wanaokwenda kazini Ghuba hukatiwa tiketi kwa makundi, karatasi hubaki kwa wakala wa ajira, na mwenye safari anakabidhiwa pasipoti siku ileile ya kuondoka. Apewe karatasi yake siku tatu kabla, kwa Kiswahili au lugha anayoisoma, ikisema begi hili, kipimo hiki, kilo hizi.

Hadi mizani hiyo iwekwe, abiria mwenye ugomvi alipige picha begi likiwa ndani ya kisanduku cha kipimo na nyingine ya kioo cha mizani, akiomba ruhusa kwanza, aandike saa na namba ya geti, alipe kama ndege inaondoka, achukue hati, kisha aiandikie kampuni barua pepe kabla hajalala usiku huo.

Wenu,
Mawakala wa tiketi za ndege,
Kampala